Mawe ya Bagamoyo: Nani Aliyeyapanga?

Katika kurasa kama hizi tumezoea kupima vitabu: hiki kina faida, kile kina makosa, kingine wazazi wasikiache mikononi mwa watoto. Leo nataka kupima ukuta. Najua wasomaji wengine watacheka. Lakini ukuta ukiachwa usimame kusudi watu waje kuutazama, ukapewa jina, akawekwa na mtu wa kuueleza kwa wageni, basi umekuwa fundisho. Na fundisho linalotolewa ndani ya uwanja wa Kanisa yafaa tuliulize maswali yale yale tunayokiuliza kitabu: Je, ni la kweli? Je, limesema yote yaliyopasa kusemwa?

Ukuta wenyewe uko mbali na Bunia. Uko Bagamoyo, pwani ya Tanzania, ng'ambo ya Unguja, katika misioni iliyoanzishwa na Mapadri wa Roho Mtakatifu mwaka 1868. Pale pana nyumba kubwa ya mapadri, nyumba ya Masista iliyogeuzwa makumbusho, na mnara wa kanisa la kale, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1870. Yote ni mawe ya pwani na chokaa. Tangu mwaka 2006 serikali ya Tanzania imeandika njia kuu ya misafara ya watumwa na pembe, ambayo Bagamoyo ni mwisho wake, katika orodha ya mahali inapotaka paingizwe katika Urithi wa Dunia. Kwa hiyo mawe hayo yanatunzwa, nasi twafurahi. Shauri langu si juu ya kuyatunza au kuyaacha. Nauliza tunamtunzia nani.

Mkristu wa Bunia akisema, «Hayo ni mambo ya watu wa pwani,» nitamkumbusha jambo moja. Mwezi wa Juni mwaka 1878 msafara wa kwanza wa Mapadri Weupe kuja Afrika ya katikati uliondoka Bagamoyo hiyo hiyo. Walipokelewa na Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakakusanya wapagazi na mizigo yao pale, kisha wakashika njia ya Tabora. Huko wakagawanyika: wengine wakaenda Tanganyika, wengine Uganda, ambako wa kwanza walifika mwezi wa Februari 1879. Shirika lile lile ndilo lililofungua misioni katika nchi yetu ya Ziwa Albert. Basi Injili tuliyohubiriwa ilipita katika uwanja ule, na mapadri wale walikula na kulala katika misioni iliyokuwa imejengwa kwa jasho la watu walionunuliwa.

Neno hilo, «walionunuliwa,» ndilo jiwe la pembeni la habari hii, na ndilo linalorukwa upesi kuliko yote.

Mapadri walipofika Unguja miaka ya 1860, soko la watumwa lilikuwa wazi. Waliwanunua watoto ili kuwakomboa, kwa fedha zilizokusanywa Ulaya, nyingine zikiwa senti za watoto wenzao wa Kikristu zilizotolewa kwa Kazi ya Utoto Mtakatifu. Baadaye manowari za Waingereza zilipokamata majahazi yenye watumwa baharini, wengine waliletwa misioni kutoka huko. Padre Antoine Horner, mkubwa wa misioni, alitaka kuwafanya watoto hao kuwa kijiji cha Wakristu wa kwanza: wasome, wajifunze ufundi, waoane, wapate nyumba na shamba, kisha wapeleke imani bara. Kijiji hicho kiliwekwa chini ya Mtakatifu Yosefu. Mwezi wa Aprili 1872 dhoruba kubwa ilipiga Unguja na pwani ya Bagamoyo ikaangusha karibu kila kitu, na misioni ikaanza kujenga tena.

Nani alijenga? Mapadri na mabruda waliongoza, wengine wakijua uashi na useremala, nao walifanya kazi kwa mikono yao, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa Wazungu wa wakati ule. Tuwape haki yao. Lakini watu watatu au wanne, tena wenye homa, hawajengi nyumba ya mawe.

Asiyejua kazi hiyo na asikie inavyokwenda. Jiwe la pwani ni tumbawe. Hukatwa na kuchongwa, kisha hubebwa kichwani. Chokaa nayo hutoka katika tumbawe lile lile: hupangwa magogo kwa duara, mawe madogo hurundikwa juu, moto huwashwa na huwaka siku nyingi mpaka mawe yalainike yawe unga mweupe. Unga huo hunyunyiziwa maji, huachwa ukae, huchanganywa na mchanga au udongo mwekundu. Ukuta hupandishwa polepole, kwa maana chokaa haikauki kwa haraka kama saruji, ukiiharakisha itakuangusha. Juu huwekwa boriti za mikoko kutoka mtoni, na juu ya boriti mawe madogo na chokaa, na sakafu hiyo hupigwa kwa magongo na watu wengi pamoja kwa siku nyingi, wakiimba ili wapigo uwe mmoja. Kila hatua inataka mikono mingi. Mikono iliyokuwapo misioni ilikuwa ya vijana na watu wazima waliokombolewa, walioishi kwa kengele: sala, kazi, darasa, kazi, sala.

Sasa tazama jina la mnara. Watu wauita Mnara wa Livingstone. Je, Daktari Livingstone aliujenga? Hapana. Alisali ndani yake? Hapana, alikuwa Mprotestanti, wala hakuingia humo akiwa hai. Alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, na wafuasi wake waliukausha mwili wake wakaubeba miezi mingi mpaka pwani. Mwezi wa Februari 1874 mwili ule ulilazwa usiku mmoja katika kanisa la Bagamoyo, kisha ukavushwa Unguja na kupelekwa Uingereza. Kwa usiku mmoja wa maiti mnara ukapata jina. Waliobeba mawe yake hawakulipata hata kwa miaka yao yote.

Tena kuna jambo linalonichoma zaidi. Waliouleta mwili ule walikuwa akina nani? Chuma alikuwa mtoto wa Kiyao aliyekombolewa mikononi mwa wauza watumwa mwaka 1861. Jacob Wainwright naye alikuwa ameokolewa utumwani, akasomeshwa katika shule ya misioni huko Nasik, nchi ya India. Susi, mtu wa Shupanga katika mto Zambezi, aliongoza pamoja na Chuma. Kwa hiyo usiku ule watu waliotoka utumwani walimleta maiti katika kanisa lililojengwa na watu waliotoka utumwani, na jina lililobaki pale ni la maiti peke yake. Sisemi jina lifutwe. Jina limekwisha kuingia vinywani mwa watu, na historia haisafishwi kwa kufuta. Nasema halitoshi.

Hapa najua nitapingwa. Baba mmoja aliyesoma atasema: «Unawashitaki mapadri bure. Je, ingekuwa heri watoto wale wapelekwe kwenye mashamba ya karafuu ya Waarabu?» La, haingekuwa heri. Aliyefika misioni alipata jina la ubatizo, alipata ndoa ambayo hakuna bwana wa kuivunja kwa kumwuza mke, alipata Dominika yake na kaburi la Kikristu. Hayo si madogo. Aliyeuzwa mara tatu njiani aliyajua thamani yake kuliko sisi. Na mapadri wenyewe walilipa: katika makaburi ya wamisionari pale Bagamoyo soma miaka yao, utaona wengi walikufa vijana.

Lakini swali la kwamba walitendewa vizuri kuliko sokoni si swali lililo mbele yetu. Padre Paul Kollman, wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, alitoa mwaka 2005 kitabu kizima juu ya watumwa hao na mwanzo wa Ukatoliki katika Afrika ya mashariki. Hakukiandika kwa chuki. Ni padre, na analipenda Kanisa. Naye anaonyesha, kwa barua na shajara za wamisionari wenyewe, kwamba watu wale hawakuwa udongo mkononi mwa mfinyanzi. Walitii, na pia walinung'unika. Wengine walitoroka. Sehemu kubwa ya juma ilikuwa ya kazi za misioni, na mtu aliyekombolewa hakuwa na ruhusa ya kusema tu, «Asante, sasa nakwenda kwetu.» Wamisionari waliona huko ndiko kulea. Aliyelelewa aliona nini? Kwa sehemu kubwa hatukuandikiwa, na tukichagua kusimulia upande wa mlezi tu, tumechagua sisi; hatukulazimishwa na mawe.

Mmoja alisimuliwa. Ni msichana wa Kiyao aitwaye Swema. Mama yake alikufa katika safari ya msafara. Yeye mwenyewe alifika Unguja amedhoofika hata akahesabiwa maiti, akazikwa mchangani angali hai, akasikiwa akiugua, akatolewa, akapelekwa misioni. Habari zake zilichapishwa Paris mwaka 1870 na wasomaji wengi walilia na kutoa sadaka. Sitamlaumu mtu kwa kulia. Ila habari ile ilipita kwanza masikioni mwa padre, kisha katika kalamu yake, kisha katika kalamu ya monsinyori wa Ufaransa aliyetaka kuwagusa watu mioyo. Mwanahistoria Edward Alpers ameichambua kwa uangalifu, akaonyesha kwamba ndani ya mapambo yale mna msichana wa kweli anayeweza kusikiwa. Ukuta nao wataka uchambuzi wa namna hiyo: mapambo yaondolewe, mtu abaki.

Kuna hatari ya upande wa pili, nayo siifichi. Ni ile ya kuongeza machozi. Unguja, mahali pa soko la zamani pale Mkunazini, Waanglikana walijenga kanisa lao kubwa. Jiwe la msingi liliwekwa siku ya Noeli ya mwaka 1873, mwaka ule ule soko lilipofungwa. Karibu na kanisa wageni huteremshwa katika vyumba vya chini, vyembamba na giza, na huelezwa kwamba watumwa walifungiwa humo kungoja mnada. Wageni hutoka wameinamisha vichwa. Kumbe wanahistoria wamekwisha kuonyesha kwamba jengo lililo juu ya vyumba hivyo lilijengwa na misioni kwa ajili ya wagonjwa, miaka mingi baada ya soko kufungwa. Bagamoyo penyewe pana mbuyu wenye mnyororo uliomezwa na gome lake. Mgeni akiuona tu husema, «Watumwa!» Wenyeji wa misioni husimulia kwamba mnyororo ule ulifungwa na bibi mmoja wa Kifaransa aliyehudumia wagonjwa, ili afunge punda wake.

Haifai. Utumwa ulikuwa mbaya kutosha, hauhitaji punda. Yule anayegundua kwamba mnyororo ni wa punda ataanza kushuku na soko lenyewe. Nao waliokufa kweli wanastahili ushahidi wa kweli. Katika jambo hili naupa ukuta wa Bagamoyo sifa kuliko vyumba vya Mkunazini: ukuta hausemi uongo. Unasema nusu.

Juu ya utunzaji wenyewe nina neno moja la kifundi, kwa kuwa parokia nyingi hufanya kosa hili. Ukuta wa matumbawe na chokaa ukipasuka, fundi wa leo hukimbilia saruji kwa sababu iko dukani na inakauka upesi. Anaupaka, unang'aa, Askofu anakuja kubariki, watu wanapiga makofi. Lakini ukuta wa chokaa hupumua: maji huingia na kutoka. Saruji huyafungia ndani pamoja na chumvi, na ukuta huoza tumboni huku uso ukiwa mzuri. Mtu atauona siku utakapoanguka. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883 pale Unguja, iliporomoka katikati ya matengenezo na kuua watu. Sidai saruji ndiyo iliyoliangusha. Jumba lilikuwa na magonjwa mengi. Nasema jumba la kale si ubao wa kupaka rangi, na anayelitengeneza asiyejua chokaa ni heri aliache.

Sasa nirudi karibu na kwetu, maana mfano hauko pwani peke yake. Ukivuka Nile kaskazini ya Ziwa Albert, katika nchi ya Waacholi, pana mwamba wa Patiko, safari fupi kutoka Gulu. Wafanya biashara ya watumwa walikuwa na kituo pale. Mwaka 1872 Samuel Baker, aliyetumwa na Khedive wa Misri kukomesha biashara hiyo, aliwafukuza, akachimba handaki na kujenga kwa mawe. Watu huiita Ngome ya Baker. Lakini askari wake wengi walikuwa Wasudani, na katika jeshi la Misri la wakati ule askari wa Kisudani kwa kawaida aliingia jeshini akiwa mtumwa. Ngome ya kupinga utumwa ikajengwa na watumwa! Tena mabaki ya askari wa namna hiyo, walioachwa na Emin Pasha alipoondoka mwaka 1889, walikaa Kavalli, juu ya ziwa letu wenyewe, upande huu wa Ituri. Mwaka 1891 Kapteni Lugard alikuja akawachukua pamoja na wake, watoto na watumishi, maelfu ya watu, akawapeleka Uganda. Wajukuu wao ndio Wanubi wa Uganda.

Huku Ituri hawakutuachia mawe. Akina Ugarrowwa na Kilonga-Longa, waliokuja na bunduki kutafuta pembe na watu, walijenga kwa miti na udongo, na msitu umekwisha kuzila nyumba za Ipoto. Kilichobaki kwetu ni lugha. Kiswahili chetu kiliitwa Kingwana, lugha ya waungwana, maana yake watu huru. Na wengi wa wale waungwana waliotuletea walikuwa watumwa wenyewe, wamejipa jina la kitu walichokosa. Hilo tunalitamka kila siku bila kulisikia.

Na kazi ya nguvu haikuisha na Waarabu. Dhahabu ilipogunduliwa Kilo mwaka 1903, watu wa vijiji vya huku walikusanywa kwa lazima kwenda kuchimba na kubeba mizigo, na barabara nyingi tunazozipita zilifunguliwa hivyo. Wala haikuisha na Wabelgiji. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Julai 2025, katika parokia ya Mwenye Heri Anuarite pale Komanda, waumini waliokuwa wakikesha katika sala waliuawa, watu kama 40, na wengine, hasa vijana, walichukuliwa porini. Anayechukuliwa hivyo hubebeshwa vitu vilivyoporwa. Kwa hiyo mtu wa Ituri asimame mbele ya mnara wa Bagamoyo si kama mtalii.

Kanisa halina sababu ya kuogopa jambo hili. Kadinali Lavigerie alizunguka Ulaya mwaka 1888 akipiga kelele juu ya misafara ya watumwa. Baba Mtakatifu Leo XIII mwaka 1890 aliagiza sadaka ya Epifania itolewe kila mwaka kwa ajili ya Afrika na kukomesha utumwa. Na tarehe 22 Februari 1992 Yohane Paulo II alisimama katika kisiwa cha Gorée, nchi ya Senegal, akaomba msamaha kwa ajili ya Wakristu walioshiriki biashara ile. Papa ameweza kusema hivyo mbele ya dunia nzima. Ubao wa mti mbele ya mnara utashindwa?

Tena sisi Wakatoliki tuna msaada ambao wenye mashamba ya karafuu hawakuwa nao. Kwa sheria ya Kanisa kila anayebatizwa, anayefunga ndoa na anayezikwa huandikwa daftarini. Mtumwa wa sokoni alihesabiwa kwa kichwa. Aliyebatizwa aliandikwa kwa jina, ingawa jina lenyewe mara nyingi lilikuwa la Kifaransa na lile alilopewa na mama yake likaachwa njiani. Palipo na majina, yatolewe kabatini yaandikwe ukutani, hata kama ni ishirini tu, hata kama nusu ni Maria na Yosefu.

Kama ningeombwa kuandika ubao wa mnara ule, ningeandika hivi, kwa Kiswahili kwanza:

«Mnara huu ni wa kanisa la kale la misioni. Mawe yake yalikatwa pwani na kubebwa kichwani. Chokaa yake ilichomwa hapa. Waliofanya kazi hiyo walikuwa watoto, vijana na watu wazima waliotekwa bara, wakauzwa, wakakombolewa na misioni, nao waliifanyia misioni kazi kwa miaka mingi. Wengine walikaa, wengine walitoroka. Majina tuliyoyapata ni haya.»

Na baada ya majina, chini kabisa, kwa herufi ndogo: «Mwezi wa Februari 1874 mwili wa Daktari Livingstone ulilala hapa usiku mmoja.»